Uliza Fundi: Vanishi haifichi kilichofanyika kwenye mbao tupu

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalilaumu kopo. Vanishi mbovu, steini (ile dawa ya kutia mbao rangi) feki, thina imechakachuliwa. Nimezisoma moja moja, nyingine nimezirudia mara mbili, na nawaambia kwa moyo safi kabisa kwamba kwa wengi wenu kosa lilishafanyika kabla hata kopo halijafunguliwa. Kopo linakuja tu kulianika. Kwahiyo leo ntajibu nikianzia kwenye mbao yenyewe, na aliyeandika kuhusu matambara ya mafuta nimempa nafasi kubwa manake hilo swali lilinishtua.

Vimistari vya mviringo na mabaka meupe

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana najifunza useremala, huu mwaka wa pili. Nimetengeneza kabati la nguo la mahogani, nikalipiga msasa kwa ile mashine ya kuzunguka mpaka likawa laini kabisa ukilipapasa, nikapaka steini ya kahawia iliyoiva. Vikatokea vimistari vimejikunja kama vinywele kila mahali, na kwenye maungio kuna mabaka meupe hayashiki rangi. Msasa nilitumia namba 80 halafu 220. Bosi anasema nirudie yote. Kweli nirudie?*

Marahaba kijana wangu. Rudia, bosi wako ana haki, ila usirudie kwa hasira bila kujua unafukuza nini, manake hapo una makosa mawili tofauti na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na vimistari. Msasa namba 80 unachimba mifereji mirefu kwenye mbao, halafu wewe ukaruka moja kwa moja hadi 220 ambao hauna nguvu ya kuifuta ile mifereji, unachofanya ni kung'arisha vilele tu. Mkono ukipita unagusa vilele, unakuambia laini. Steini haina habari na vilele, inaenda kukaa chini mfereji ulipo, rangi inajikusanya pale na mstari unatokea mweusi. Ndo maana mbao inaweza kuwa laini mkononi na chafu machoni. Mpangilio ni 80, 120, 150 au 180, halafu 220, kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, na kama mbao imetoka kwenye randa iko safi hiyo 80 huihitaji kabisa, anzia 120. Kujua umemaliza namba moja chora mistari hafifu ya penseli kukatisha ubao wote, piga msasa mpaka penseli iishe, futa vumbi, chora tena, nenda namba inayofuata. Ukifanya hivyo mara chache mkono unazoea.

Ile mikunjo kama vinywele inaletwa na mashine, hasa pale unapoikandamiza. Najua tunakandamiza tukidhani kazi itaenda haraka. Ukikandamiza ile sahani haizunguki inavyotakiwa, chembe moja kubwa ya mchanga au kipande cha vumbi kigumu kinashikwa katikati kinachora duara palepale. Acha uzito wa mashine wenyewe ufanye kazi, peleka taratibu, badilisha karatasi ikichakaa (hapa mafundi wengi ni wachoyo na wanapoteza kazi ya siku nzima kuokoa kipande cha karatasi), na vumbi lifutwe kati ya namba na namba. Halafu mwisho kabisa chukua ule ule msasa wa namba ya mwisho, ufunge kwenye kibao, piga kwa mkono kufuata nyuzi za mbao. Mikwaruzo inayofuata nyuzi jicho haliioni. Inayokatisha nyuzi, hata iwe midogo vipi, steini itaitangaza.

Na usipitilize. Kuna watu wanapiga mpaka 400 kabla ya steini wakidhani ndo ufundi, mbao inang'aa kama kioo halafu steini haizami, inateleza tu juu na rangi inakuwa hafifu. Kwa steini ishia 180 au 220. Sehemu pekee napandisha mpaka 320 ni kwenye kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokatisha nyuzi, kwasababu pale vimirija viko wazi vinakunywa steini kuliko ubavuni na pasipolainishwa zaidi panatoka peusi.

Mabaka meupe kwenye maungio ni gundi. Ulipobana kabati kwa klempu gundi ikafurika, ukachukua tambara lenye maji ukafuta, si ndiyo? Tambara likaiyeyusha ile gundi ikawa maji maji ya maziwa yakaingia kwenye vinyweleo vya mbao, ikakauka pale, ikaziba. Steini haipiti kwenye gundi. Mimi gundi iliyofurika naiacha mpaka iwe kama mpira, haijawa ngumu na haishiki kidoleni tena, halafu naikwangua kwa patasi inatoka kama utepe. Au kabla ya kubana bandika maskin tepu pembeni ya ungio, gundi ifurikie juu ya tepu. Na angalia vidole vyako, alama za vidole vyenye gundi nimeziona katikati ya mlango kabisa, mbali na ungio lolote.

Kabla ya steini siku nyingine fanya hivi: zima taa za juu, weka taa moja ubavuni chini chini imulike ubao kwa mshazari, kila mkwaruzo na kila wimbi la visu vya mashine ya randa litajionyesha kwa kivuli chake. Halafu futa kazi yote na tambara lenye waiti spiriti. Mbao italowa na kuonyesha karibu rangi itakayokuwa nayo, palipo na gundi patabaki pamefifia. Zungushia penseli. Waiti spiriti inaruka bila kunyanyua nyuzi kwahiyo hujaharibu kitu.

Sasa kwa kabati lako hilo: usipige msasa kwenye baka peke yake, utapata kisiwa. Fanya ubao mzima kutoka ungio hadi ungio. Pale kwenye gundi tumia skrepa kwanza, msasa unaisambaza tu. Rudi 120, 150, 220, kwa mkono mwishoni, halafu steini upya. Si lazima steini ya kwanza itoke yote, ya pili itaifunika ilimradi mbao iko wazi sawasawa.

Msonobari uliotoka mabaka

*Fundi habari. Mimi ni mama wa nyumbani napenda kujitengenezea vitu, nimetengeneza rafu ya vitabu ya msonobari. Msasa nilifuata namba zote kama ulivyofundisha toleo la nyuma. Bado steini imetoka mabaka mabaka, na ile michirizi ya mbao imegeuka, iliyokuwa myeupe imekuwa myeusi. Na kwenye macho ya mbao kuna kitu kinanata.*

Dada yangu, wewe hujakosea msasa. Msonobari ndo ulivyo. Kila mwaka mti unaongeza tabaka mbili, moja laini ya rangi hafifu na moja ngumu ya rangi iliyokolea. Ile laini inakunywa steini kama sponji, ile ngumu inaikataa. Matokeo yake sehemu iliyokuwa nyeupe inakuwa nyeusi kuliko jirani yake, mbao yako inageuka kama negativu ya picha. Mabaka mengine yanatokana na utomvu na nyuzi zilizopinda zinazoingia ndani ya ubao badala ya kulala.

Dawa ni kuinywesha mbao kitu kingine kabla ya steini. Mimi natumia shelaki iliyotolewa nta (vanishi ya magamba yanayoyeyushwa kwenye spiriti), nyepesi sana, kama gramu 60 za magamba kwa lita moja ya spiriti, ile ya alkoholi siyo waiti spiriti. Pakaa mkono mmoja, yaani tabaka moja, iache ikauke vizuri, piga msasa 320 wa mkono mwepesi kabisa, ndo upake steini. Rangi itatoka hafifu kidogo kuliko uliyoona kwenye kopo ila itakuwa sawa kila mahali. Njia nyingine ni steini nzito ya jeli ambayo inakaa juu zaidi kuliko kuzama, hiyo kwa msonobari ni rafiki mkubwa. Vyovyote utakavyochagua jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha mbao ile ile, kilichopigwa msasa ule ule, na jaribio lifike mpaka kwenye vanishi usiishie kwenye steini, manake rangi ya steini kavu siyo rangi utakayoishi nayo.

Macho yanayonata ni utomvu. Kwangua uliotoka, futa na thina mpaka tambara litoke safi, acha paruke, halafu pakaa shelaki mikono miwili juu ya jicho tu na kidogo kuzunguka. Shelaki inazuia utomvu usipenye. Ukipaka rangi nyeupe juu ya jicho bila hiyo shelaki, baada ya miezi utaona duara la njano linatokeza na huwezi kulizika kwa kuongeza rangi.

Na tumia kibao unapopiga msasa msonobari kwa mkono. Vidole vitupu vinakula ile sehemu laini na kuacha ngumu imesimama, unapata matuta.

Kingo za MDF

*Kaka, milango ya kabati la jikoni nimefanya MDF na rangi ya kupulizia. Uso umetoka vizuri ila kingo zinakunywa rangi tu, mkono wa tatu huu bado ziko kama pamba.*

Acha kuongeza rangi, utapaka mpaka kesho. MDF ni nyuzinyuzi za mbao zilizosagwa zikashindiliwa na gundi, na ilivyoshindiliwa usoni ni pagumu kuliko katikati. Ukikata unafungua ile katikati, nyuzi zinasimama na kila rangi inayokuja inazamia humo. Inatakiwa kuzibwa kabla ya rangi. Piga kingo msasa 180 halafu 220, vunja ile ncha kali iwe mviringo kidogo kabisa kwasababu rangi inakimbia ncha kali, pale ndo inapobaki nyembamba na ndo inapobanduka kwanza. Halafu ziba kwa shelaki au praima isiyo ya maji, mikono miwili, na katikati ya mikono msasa 240 au 320. Praima ya maji inavimbisha zile nyuzi, si kwamba haifai, ila utapiga msasa mara nyingi zaidi. Ukingo ukifika hatua ukiupapasa haujui umetoka usoni umeingia ukingoni, hapo ndo rangi.

Kwa hali uliyonayo sasa, rangi ikikauka kabisa piga msasa kingo mpaka zilale, weka praima, endelea.

Vishimo kama macho ya samaki

*Fundi shikamoo, nimeletewa meza ya zamani niirudishie vanishi. Nimeikwangua ya zamani yote, msasa mpaka mbao mpya, nimepuliza laka, ile vanishi inayokauka haraka, inatoa vishimo vya duara, vanishi inajivuta pembeni inaacha mbao wazi. Nimefuta nikarudia, ikawa vilevile.*

Marahaba. Hiyo ni silikoni au mafuta. Kuna polishi za kufutia fanicha zina silikoni ndani, mwenye meza aliipiga miaka na miaka ikapenya kwenye nyufa na vinyweleo vya vanishi ya zamani mpaka kwenye mbao. Silikoni ina tabia ya kuisukuma laka isitandike, inajikunja kando kama maji kwenye jani la mgomba. Na msasa hauiondoi, unaibeba unaisambaza.

Ila kwanza hakikisha kosa ni la meza. Chukua ubao mpya kabisa ambao haujaguswa na kitu, puliza laka ile ile kwa sprei gani (bunduki ya kupulizia) ile ile. Vishimo vikitoka na huko basi mafuta yanatoka kwenye kompresa yako, mwaga maji ya tangi, angalia chujio la maji na mafuta. Visipotoka ni meza.

Kwa meza, kama laka bado mbichi ifute palepale na thina, usisubiri ikauke. Halafu osha uso wote kwa waiti spiriti, tambara safi, geuza upande, tupa, chukua jingine, mara tatu au nne, manake ukirudia na tambara lile lile unarudisha ulichotoa. Ikikauka puliza shelaki iliyotolewa nta mkono mwepesi, usitumie brashi hapo, brashi inaikoroga silikoni ikapanda juu. Iache ikauke, puliza mkono wa pili, halafu ndo laka yako, na mikono ya kwanza iwe kama ukungu tu usije ukailowesha shelaki. Kuna matone ya dawa ya kuchanganya kwenye laka ili itandike juu ya silikoni, yanasaidia kweli, lakini ukishaanza kuyatumia mkono mmoja itabidi uyatumie na inayofuata, na sprei gani ioshwe vizuri baada ya hapo.

Laka imekuwa nyeupe kama maziwa

*Nilipuliza laka asubuhi kuna mvua, ikawa na ukungu mweupe. Niikwangue?*

Usikwangue. Thina inaporuka haraka inaupoza uso wa kazi, mvuke wa hewani unaganda pale kama vile kwenye glasi ya maji baridi na unafungiwa ndani ya laka. Laka ina uzuri mmoja, inayeyuka tena ikikutana na thina yake. Subiri hewa ikauke, puliza thina ya kuchelewesha kukauka peke yake, mwembamba kama umande, laka italainika, mvuke utatoka na weupe utapotea. Kama lazima ufanye kazi siku za mvua changanya ile thina ya kuchelewesha tangu mwanzo na upulize mikono myembamba. Ila mimi nikiwa na uchaguzi siku hiyo nafanya kazi ya msumeno.

Droo zinanuka

*Nimepaka mafuta ya kitani ndani ya droo za kabati la nguo, miezi miwili sasa bado nguo zinatoka na harufu.*

Ndani ya droo hakuna hewa, mafuta yanakauka kwa hewa, kwahiyo yatanuka muda mrefu sana. Toa droo nje zikae sehemu yenye upepo wiki kadhaa, halafu zipigwe shelaki mikono miwili. Siku nyingine ndani ya droo na masanduku weka shelaki tangu mwanzo, harufu yake ni spiriti tu na inaruka.

Mstari mweupe kwenye mlango wa paneli

*Fundi, nina milango ya kabati ya fremu na paneli. Wakati naikabidhi ilikuwa safi. Sasa hewa imekauka, kila paneli imeonyesha mstari wa mbao isiyo na rangi kando ya fremu, mteja anasema nimemdanganya. Nilipaka kila kitu vizuri sana baada ya kuunganisha.*

Hapo kwenye "baada ya kuunganisha" ndo pana jibu. Mbao haikai tuli. Hewa ikiwa na unyevu inapanuka, hewa ikikauka inasinyaa, na inasinyaa kwenye upana, kwenye urefu karibu hakuna kitu. Ubao uliopasuliwa kwa kufuata duara za mti unasinyaa karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini, ndo maana paneli mbili za mti mmoja zinaweza kufanya tofauti. Sasa paneli yako imekaa kwenye mfereji wa fremu, ukapaka steini sehemu inayoonekana, ile iliyojificha ndani ya mfereji haijapata. Ikisinyaa inatoka nje na utupu wake.

Paneli inapigwa msasa, steini, na angalau mkono mmoja wa vanishi kabla haijaingia kwenye fremu, mpaka ukingoni. Hii inasaidia na kitu kingine ambacho watu hawakifikirii, kwamba gundi inayofurika kwenye kona za fremu haitaing'ang'ania paneli iliyoshapata vanishi. Paneli lazima iwe huru humo ndani, ukiigandisha kwa gundi itapasuka ikitafuta pa kusinyaa. Tone moja katikati juu na katikati chini linatosha kuizuia isicheze. Na ndimi za fremu ziwekee tepu wakati unapaka, vanishi ikiingia kwenye ungio gundi haishiki.

Paka pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa mikono iliyo sawa. Nimeona milango mizuri imebinuka kama bakuli kwasababu mbele ina mikono minne nyuma hamna kitu, upande mmoja unapumua mwingine umefungwa.

Mteja wako umrudie sasa hivi wakati hewa bado kavu na paneli zimesinyaa, uchukue brashi ndogo kabisa na steini ile ile upite kwenye ule mstari, halafu vanishi. Ukingoja hewa ya unyevu mstari utajificha na mwakani atakupigia tena. Na mbao ya fanicha ya ndani ipime kabla ya kuanza, kati ya asilimia 8 na 12 ya unyevu ndo napenda kufanyia kazi. Ikiwa mbichi hakuna steini wala vanishi itakayokutetea.

Matambara ya mafuta

*Kuna fundi ameniambia tambara lenye mafuta ya kitani linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Naona kama hadithi za kutishana. Sisi tunayatupa kwenye pipa la pumba za randa jioni tunafunga.*

Ndugu yangu, kabla hujamaliza kusoma hili jibu nenda kayatoe.

Siyo hadithi. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kuruka kama thina. Yanakauka kwa kula oksijeni ya hewani, na kitendo hicho kinatoa joto. Ukiyapaka kwenye ubao joto linaondoka hulihisi. Ukilikunja tambara ukalirundika, hewa inaingia kidogo ya kutosha kuendeleza kile kitendo ila joto halina pa kutokea, linapanda, na joto likipanda mafuta yanakauka haraka zaidi, yanatoa joto zaidi, ndani ya masaa machache tambara linafuka halafu linawaka. Wewe ukaliwekea na pumba za randa juu. Mafuta ya kitani yale yanayoitwa ya kuchemsha yana dawa za kuharakisha kukauka kwahiyo hatari yake ni kubwa zaidi, na mafuta ya tungi (ya mbegu za mti uitwao tung) na vanishi za mafuta nazo ni zilezile.

Karakana niliyojifunzia ilinusurika. Tulimaliza kupaka meza jioni, matambara yakaachwa kwenye boksi la karatasi, mwenzetu mmoja akarudi kuchukua simu aliyoisahau akakuta moshi. Boksi lilikuwa halijawaka bado lakini ukiweka mkono juu unachomwa. Hakuna aliyevuta sigara mle, hakuna umeme uliokuwa karibu. Tangu siku hiyo sijawahi kulala bila kujua tambara langu liko wapi.

Litandaze moja moja nje, kwenye kamba au ukutani, lisikunjwe, mpaka liwe gumu kama kadibodi, hapo limeshamaliza kula oksijeni. Au lizamishe kwenye maji ndani ya debe la chuma lenye mfuniko.

Na kwa vile tumefika kwenye usalama niseme la vumbi pia, manake barua tatu zimeuliza kama barakoa ni lazima. Ni lazima. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya ndani ya pua. Barakoa ya kitambaa haichuji lile vumbi la msasa, tumia ya daraja la FFP2 kwenda juu, na mashine iunganishwe na vakyumu. Ya vumbi haizuii harufu ya thina, kwa kupulizia unahitaji ile yenye makopo ya mkaa. Na wale mnaopuliza vanishi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), nyingi ya hizo hadina za poliyurethani zina aisosianati, ambayo inaweza kukupa pumu ya maisha, na mwili ukishaikataa mara moja hata kiasi kidogo kitakubana kifua. Harufu yake huwezi kuitegemea ikuonye kwamba chujio limechoka. Kazi hiyo inafanywa kwenye chumba cha kupulizia kwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama huna vifaa hivyo tumia laka ya kawaida au vanishi ya maji, mteja ataelewa.

Vanishi isiyong'aa imekuwa na ukungu

*Nimepaka vanishi ya mati mikono mitano kwenye meza nyeusi, inaonekana kama imefunikwa na vumbi.*

Kinachoua mng'ao kwenye vanishi ya mati ni unga laini wa silika. Ukiweka mikono mitano umeweka tabaka tano za unga kati ya jicho na mbao, na kwenye rangi nyeusi inaonekana sana. Jenga unene kwa vanishi inayong'aa, ambayo haina huo unga, piga msasa 320 katikati, halafu mkono wa mwisho mmoja tu ndo uwe mati. Ule unga unazama chini ya kopo, kwahiyo koroga mpaka kijiti kikikwangua chini kitoke safi, usilitikise kopo manake utaingiza mapovu, na ukiwa katikati ya kazi koroga tena, la sivyo nusu ya kwanza ya meza itang'aa na ya pili haitang'aa.